Mtandao Bila Mwalimu ni Ghala la Karatasi

Umezuka katika ofisi na vyuo mtindo wa kupima maendeleo ya elimu kwa idadi ya masomo yaliyowekwa mtandaoni. Mkutano hufunguliwa, taarifa husomwa, na wajumbe huambiwa kwamba Fizikia sasa iko mtandaoni, Kemia iko, na Biolojia iko. Makofi hupigwa na watu huenda kunywa chai. Swali lililo kubwa kuliko yote halimo katika ajenda: je, mwanafunzi yuko? Na kama yuko, nani anamjua?

Hilo si swali la mzaha. Uhaba wa walimu wa sayansi na hisabati umeisumbua nchi hii kwa miaka mingi, na njia ya mtandao ni mojawapo ya silaha chache zinazoweza kuupunguza. Yuko mwalimu wa shule ya msingi katika kisiwa cha Ukerewe ambaye angependa kujiendeleza katika Kemia bila kuyaacha madarasa yake. Yuko mfanyakazi wa maabara ya kituo cha afya anayetaka kuelewa, si kufuata tu, vipimo anavyovifanya kila siku. Yuko mama mwenye mtoto mchanga ambaye hawezi kuhamia Dar es Salaam kwa miaka mitatu. Watu hawa hawana chuo kingine cha kukimbilia. Somo likiwashinda mtandaoni, basi limewashinda moja kwa moja, na taifa limepoteza watu ambao tayari walikuwa wamejitolea usingizi wao ili walitumikie vizuri zaidi.

Lakini wanapofungua mlango wa masomo hayo, aghalabu wanakuta nini? Wanakuta kurasa 200 zilizopigwa picha kutoka katika vitabu vya zamani, kwa Kiingereza cha kumtisha hata aliyekizoea. Wanakuta video ya saa nzima, ambamo sauti ya mtu asiyeonekana inasoma maandishi ambayo mwanafunzi angeweza kuyasoma mwenyewe. Wanakuta maswali ya kuchagua, tarehe ya mwisho, na onyo la kufutiwa usajili. Mwanafunzi akiuliza, swali lake hukaa wiki mbili bila jibu. Jina lake ni namba. Akinyamaza, hakuna anayetambua kwamba amenyamaza. Hilo si darasa. Hilo ni ghala la karatasi lililowekewa taa ya umeme, na aliyelipanga hana haki ya kujiita mwalimu kwa sababu tu anazo funguo zake.

KUKARIBISHA SI KUBEMBELEZA

Wapo watakaokasirishwa na maneno haya. Watasema kwamba mwanafunzi mtu mzima hahitaji kubembelezwa. Kwamba sayansi ni kanuni wala haina habari ya ukarimu. Na kwamba anayetaka elimu kwa dhati ataipata hata katika mazingira magumu. Hoja hizi husemwa kwa sauti ya watu wenye msimamo mkali wa taaluma, kumbe ndani yake mna uvivu uliovishwa joho.

Wanaosema hivyo wanachanganya ugumu wa somo na ugumu wa mlango. Ugumu wa somo ni wa haki: sheria za Newton hazitarahisishwa kwa kumhurumia mtu, na anayetaka kuzielewa hana budi kutoka jasho. Lakini hakuna kanuni yoyote ya fizikia inayodai kwamba swali la mwanafunzi likae siku 14 bila kujibiwa. Hakuna sheria ya kemia inayomkataza mkufunzi kulijua jina la mtu anayemfundisha. Huo ni urasimu mtupu, wala haumwongezei mwanafunzi maarifa hata chembe.

Tena yafaa watu hao wakumbuke mwanafunzi wa sayansi anakotoka. Elimu ya kikoloni iliwachuja watu ili wabaki wachache, na masomo ya sayansi yalikuwa kichujio chenye matundu madogo kuliko yote. Mkoloni aliondoka, lakini kasumba yake ilibaki: kwamba Fizikia ni ya vipaji maalumu, kwamba Hisabati si ya wasichana, na kwamba aliyefeli kidato cha pili amekwisha kuhukumiwa maisha. Mtu aliyekulia katika maneno hayo huingia katika somo la sayansi akiwa na hofu kabla hata hajafungua ukurasa wa kwanza.

Sasa mtu huyo akae peke yake, saa nne usiku, baada ya kazi za kutwa. Akutane na hesabu ya moli kwa mara ya kwanza, akosee. Darasani angetazama kushoto na kulia, akaona kwamba jirani zake wamekosea vilevile, na mwalimu angecheka kidogo, akafuta ubao na kuanza upya. Akiwa peke yake haoni jirani, haoni ubao unaofutwa. Anaona kosa lake tu, naye hulitafsiri kwa njia moja: “Mimi sina akili ya sayansi.” Ubaya wa upweke ndio huo, hugeuza kosa la kawaida kuwa hukumu. Na hapo ndipo mwanafunzi huyo hufunga simu yake, na asirudi tena. Katika taarifa ya mwisho wa mwaka ataandikwa kuwa “aliacha masomo kwa sababu binafsi”.

USHAHIDI WA HUKO NJE

Wanaoamini kwamba mashine peke yake inatosha, na watazame yaliyotokea Marekani. Mwaka 2012 chuo mashuhuri cha MIT kilifungua mtandaoni somo la saketi na elektroniki, bila malipo, kwa mtu yeyote duniani. Watu wapatao 155,000 walijiandikisha. Walioshinda na kupata cheti walikuwa 7,157, yaani hawafiki watano katika kila mia. Kweli, wengi wa waliojiandikisha walikuja kutazama tu. Lakini hata ukiwaondoa hao, funzo linabaki: mhadhara wa profesa bora, katika chuo bora, kwa mitambo bora, haukutosha kuwashika watu.

Katika somo hilohilo kijana mmoja wa Ulaanbaatar, Mongolia, mwenye umri wa miaka 15, alipata alama zote bila kukosa hata moja. Magazeti ya dunia yalimwimba kuwa ni shahidi wa uwezo wa mtandao. Habari ikisomwa hadi mwisho, huonyesha jambo jingine. Mkuu wa shule yake alikuwa mwenyewe amesoma MIT. Alimwalika mwalimu kijana kutoka Marekani, naye akaja na masanduku yenye vifaa vya maabara, akakaa na wanafunzi, wakafanya kwa mikono yale waliyoyaona katika video. Kipaji cha kijana yule ni chake, hapana wa kumnyang'anya. Lakini hakuachwa peke yake na skrini. Alikuwa na mwalimu, alikuwa na wenzake, alikuwa na waya na betri mkononi.

Waingereza nao walikuwa wamekwisha kulijua jambo hilo zamani. Chuo Kikuu Huria chao kilipoanza kufundisha mwaka 1971, kilitumia posta, redio na televisheni. Lakini hakikuridhika na hayo. Wanafunzi wa sayansi walipelekewa majumbani vifaa vya majaribio, hadubini ndogo ikiwamo. Kila mmoja aliwekewa mkufunzi wa kumsahihishia kazi zake kwa maelezo, na wakati wa kiangazi walikutana vyuoni kwa mafunzo ya ana kwa ana. Masafa yalikuwepo, upweke ulipigwa vita kwa mpango.

NA USHAHIDI WA NYUMBANI

Hata hivyo, hakuna haja ya kusafiri hadi Uingereza kuyatafuta yaliyokwisha kufanywa hapa. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya “Mtu ni Afya”. Kwa wiki 12 wananchi wapatao milioni mbili walijifunza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Hiyo ilikuwa sayansi, tena sayansi ya masafa, na chombo chake kikuu kilikuwa redio, ambayo husema bila kusikia.

Kampeni ile ilifaulu kwa sababu waliopanga hawakumwachia redio kazi ya mwalimu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa. Katika kila kikundi watu walisikiliza kipindi pamoja, wakasoma kitabu pamoja, wakajadili kwa lugha yao wenyewe, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani. Mwanakikundi asiyefika aliulizwa hali. Asiyejua kusoma alisomewa na jirani. Jitihada za kuwafanya watu wajisikie wenyeji katika elimu ziliingizwa katika mpango tangu siku ya kwanza, zikawekewa watu, vitabu na ratiba.

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipotaka kila mtoto aingie shule, walimu hawakutosha. Maelfu ya vijana waliandaliwa kuwa walimu huku wakifundisha vijijini, na zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Walisoma kwa posta na redio, lakini pia walikuwa na wakufunzi karibu nao, wakatazamwa wakifundisha, wakasahihishwa. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, na walimu wa makamo wanazijua. Lakini hakuna aliyethubutu kudai kwamba kumpelekea kijana bahasha ya masomo kunatosha kumfanya mwalimu.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, nacho kilijengwa juu ya busara hiyo, ndiyo maana kikaweka vituo mikoani badala ya kumtaka kila mwanafunzi aandikiane na makao makuu. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, nayo yamepanga walimu wakutane shuleni katika jumuiya za kujifunza, badala ya kumwacha kila mmoja na mtandao wake. Msingi, basi, upo. Kinachohuzunisha ni kuona kwamba taifa lililoweza kuwakusanya watu milioni mbili kuizunguka redio, leo lina chombo kinachosema na kusikia pia, na bado watumishi wake wanakitumia kama ubao wa matangazo.

LA KUFANYA

Malalamiko bila mashauri ni kelele tu. Yako mambo ambayo kila chuo, taasisi na ofisi ya elimu inayoendesha somo la sayansi mtandaoni inaweza kuyaanza muhula huu bila kungoja mfadhili.

Kwanza, somo lianze kwa kujuana. Kabla ya mada ya kwanza, mkufunzi ajitambulishe kwa sauti na sura yake, aseme ni nani na kwa nini aliipenda sayansi. Kisha kila mwanafunzi aulizwe mambo machache: anaishi wapi, anafanya kazi gani, anapata umeme saa ngapi, anatumia simu ya nani, na sehemu gani ya sayansi ilimtisha shuleni. Majibu hayo yasomwe, wala yasihifadhiwe tu. Mkufunzi anayejua kwamba nusu ya wanafunzi wake husoma kwa simu za mkononi hatatuma tena video ya saa nzima. Atatuma maelezo ya dakika tano, yenye maandishi pembeni kwa asiye na fedha za bando.

Pili, wanafunzi wagawanywe katika vikundi vidogo vya watu 20 hivi, na kila kikundi kiwe na mlezi wake. Kazi ya mlezi iandikwe katika majukumu yake, wala isiwe hisani: kujibu maswali katika muda wa siku mbili, kusahihisha kwa maelezo badala ya alama tupu, na kumpigia simu mwanafunzi aliyekaa kimya kwa wiki nzima. Simu moja ya “Ndugu, hujaonekana, kuna nini?” inaweza kumrudisha darasani mtu ambaye barua kumi za onyo zingemfukuza.

Tatu, lugha. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili tangu mwaka 1990. Istilahi zipo. Hata pale ambapo mtihani ni wa Kiingereza, hakuna amri inayomzuia mkufunzi kueleza kwa Kiswahili mgandamizo ni nini, wala inayomzuia mwanafunzi kuuliza kwa lugha anayoifikiria. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini mtu atauliza vipi, ikiwa swali lenyewe limegeuzwa mtihani wa Kiingereza mbele ya wenzake?

Nne, mikono ifanye kazi. Sayansi isiyoguswa ni hadithi. Jiwe lililofungwa kwenye uzi wa mita moja na kuachwa libembee litakwenda na kurudi mara 20 kwa sekunde zipatazo 40, awe mtu yuko Mafia au Kibondo. Kila mwanafunzi apime, atume namba yake, na namba za kikundi kizima ziwekwe pamoja na kujadiliwa: nani alikosea kuhesabu, uzi wa nani ulikuwa mfupi. Maji ya choya hubaki mekundu yakitiwa limau, na hugeuka kijani yakitiwa maji ya majivu. Hapo somo la asidi na besi limefika jikoni bila hati ya manunuzi. Mwanafunzi wa Makete, ambako maharage hukawia kuiva kuliko pwani, ana somo la mgandamizo wa hewa ndani ya sufuria yake. Aulizwe, naye aeleze. Siku hiyo atakuwa mwalimu wa mwenzake wa Kilwa, na mtu aliyekwisha kuwafundisha wenzake mara moja haachi somo kwa urahisi.

Tano, kwa majaribio yanayohitaji vifaa halisi, zitumike maabara zilizopo. Miaka ya 2014 na 2015 wananchi walihimizwa kujenga maabara tatu katika kila shule ya sekondari ya kata, nao walitoa fedha na nguvu zao. Penye maabara iliyokamilika, kwa nini ifungwe Jumamosi na siku za likizo, wakati mwanafunzi wa mtandao anayeishi kilomita mbili kutoka hapo hajawahi kushika bureti? Mkuu wa shule, Ofisa Elimu na chuo husika wakiandikiana barua moja, mlango utafunguka.

Zile tabuleti zinazoitwa vishikwambi, zilizotumika katika Sensa ya mwaka 2022 na kisha kugawiwa kwa walimu, nazo zisibaki za kupokelea nyaraka. Mwalimu anayejiendeleza avitumie kusomea, kupigia picha kazi yake, na kuzungumza na kikundi chake.

FEDHA SI KISINGIZIO

Itasemwa kwamba walezi hugharimu fedha. Ni kweli. Lakini kufeli kwa wanafunzi kunagharimu zaidi, ila gharama hiyo haina fungu lake katika bajeti, kwa hiyo haionekani. Mwanafunzi aliyeacha njiani amekwisha kulipa ada, amekwisha kununua bando, amekwisha kuwanyima watoto wake jioni mia moja. Chuo kinachomsajili mtu huyo bila kuandaa wa kumpokea kimemwuzia tiketi ya basi lisilo na dereva.

Tena si kila jambo lililotajwa linahitaji fedha. Kumwita mtu kwa jina lake hakuna gharama. Kujibu swali leo badala ya mwezi ujao kunahitaji nidhamu ya kazi, na nidhamu hiyo tayari inalipiwa mshahara.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, iliikataa elimu inayowatenga wachache na kuwaacha wengi nje, na inayomtenga msomi na maisha ya watu wake. Ingekuwa aibu ikiwa elimu hiyohiyo ya kibaguzi, iliyofukuzwa kwa mlango wa mbele, itarudi kwa dirisha la mtandao: mwenye simu nzuri, Kiingereza kizuri na ndugu msomi wa kumwuliza afaulu, na mtoto wa mkulima aachwe na namba yake ya usajili. Chama kinachojivunia kuwa cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kulitazama jambo hilo kama suala la mafundi wa kompyuta.

Basi taarifa zinazopelekwa wizarani na kwenye mabaraza ya vyuo zibadilishwe. Isiulizwe tena ni masomo mangapi yamewekwa mtandaoni. Iulizwe ni wanafunzi wangapi walianza na wangapi wamemaliza. Ni maswali mangapi yaliulizwa na yalijibiwa baada ya siku ngapi. Ni wanawake wangapi walifika mwisho. Na aliyeacha alipigiwa simu na nani. Ofisa atakayeshindwa kujibu maswali hayo asipigiwe makofi. Apewe orodha ya wanafunzi wake walionyamaza, pamoja na simu, aanze na jina la kwanza.